NYUMBA NJEMA SI MLANGO: Fleti katika Majengo ya Mji Mkongwe

Miongoni mwa mambo yanayostahili kufikiriwa kwa utulivu na wananchi wa Visiwa hivi, pamoja na wale waliopewa dhamana ya ardhi na majenzi, ni hili la kuuziana fleti ndani ya majengo ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Zamani aliyenunua nyumba alinunua nyumba nzima, tangu msingi hadi paa. Siku hizi nyumba moja ya ghorofa tatu, iliyojengwa kwa ajili ya aila moja, huweza kugawiwa mafungu manne au matano, na kila fungu likatafutiwa mnunuzi wake. Mmoja huchukua duka la chini, wa pili vyumba vya katikati, wa tatu ghorofa ya juu na upenu wake wa kutazamia bahari. Kila mmoja hukabidhiwa ufunguo wake, akaondoka na furaha yake.

Hatuandiki leo kuipinga biashara hiyo. Tunaandika kuuliza swali ambalo aghalabu halijibiwi siku ya kutia saini: je, paa limenunuliwa na nani? Na ukuta mkuu unaobeba ghorofa zote tatu, na ngazi, na mfereji wa maji ya mvua, na shimo la choo lililo chini ya ua, vimenunuliwa na nani? Jawabu likiwa ni "wote", yafaa tujue wote hao wamekubaliana nini. Jawabu likiwa ni kimya, basi tujue kwamba nyumba hiyo imeuzwa mara nne na haina mwenyewe.

Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango. Mlango wa Mji Mkongwe, wenye nakshi na misumari ya shaba, umewapumbaza wanunuzi wengi, wenyeji na wageni. Tunapendelea kuwachukua wasomaji wetu juu kwenye dari, mahali ambapo nyumba hizi huanza kufa.

SHERIA NA MAANA YAKE

Katika Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 imeweka utaratibu wa mwananchi kupewa haki ya kuitumia. Utaratibu huo unamfaa mwenye nyumba iliyokaa juu ya kiwanja chake. Lakini aliye ghorofa ya tatu hana kiwanja chini ya miguu yake. Chini yake kuna dari ya jirani. Ndiyo sababu ikatungwa Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010, ambayo iliruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake mbali na sehemu nyingine. Wenzetu wa Tanzania Bara walitangulia kwa sheria yao ya mwaka 2008, na Kenya, iliyokuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1987, iliibadilisha kwa nyingine mwaka 2020. Kwa hiyo jambo hili si la kisiwa kimoja. Ni mwendo wa miji ya nchi zetu zote, ambamo watu ni wengi na viwanja ni vichache.

Maana ya umiliki wa namna hii ni moja popote unapotumika. Mnunuzi hupata vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni sehemu yake ya pekee, aliyo na haki ya kuifunga na kuifungua. Cha pili ni fungu katika mali ya shirika: msingi, kuta kuu, ngazi, ua, mifereji na paa. Hawezi kuuza kimoja akabakisha cha pili, wala hawezi kufurahia cha kwanza akakikana cha pili. Anayedhani amenunua vyumba viwili na jiko amesoma nusu tu ya hati yake.

Sheria za namna hii huelekea vizuri zaidi kwenye majengo mapya, yenye ramani ya mhandisi, mita za maji za kila mlango na fleti nyingi. Nyumba ya Mji Mkongwe haina lolote katika hayo. Haikuchorwa na mhandisi; iliongezwa chumba kwa chumba kadiri aila ilivyokua. Na wamiliki wake ni wachache mno. Katika jengo la fleti mia moja, asiyelipa mmoja ni hasara ndogo inayoweza kubebwa na wenziwe. Katika nyumba ya wamiliki wanne, asiyelipa mmoja ni robo ya jengo, na wakigawika wawili kwa wawili hapana uamuzi utakaopita mpaka Siku ya Kiama. Watu husema nyumba ndogo ni rahisi kuendesha. Kwa hakika nyumba ndogo ndiyo inayohitaji maandishi kuliko kubwa, kwa kuwa haina wengi wa kumzidi nguvu mkaidi mmoja.

ZILIVYOJENGWA NA ZINAVYOANGUKA

Tueleze kidogo ujenzi wenyewe, maana bila ya kuujua haiwezekani kujua kinachouzwa. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita na zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, zilizopangwa karibu karibu, na juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hushindiliwa chokaa mpaka ikawa sakafu ya ghorofa inayofuata. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, na ndiyo maana vyumba vya kale vya Shangani, Kiponda au Malindi ni virefu na vyembamba. Mapaa mengi, ambayo zamani yalikuwa bapa, baadaye yalifunikwa mabati ya mteremko.

Jengo la namna hii lina uhai mrefu kwa sharti moja: maji yasikae ndani yake. Chokaa hupumua, hunywa unyevu na kuutoa. Bati moja likitoboka na kuachwa, maji huingia kichwani mwa ukuta, huteremka ndani kwa ndani, na hufika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Hapo boriti huoza mahali pasipoonekana, huku katikati yake, inapoonekana na mnunuzi, ikiwa ngumu na nyeusi kama ilivyokuwa siku ilipokatwa. Fundi asiyejua akija akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta huo, anaufungia unyevu ndani usitoke, na chumvi ya bahari ikala jiwe nyuma ya lipu. Kwa macho nyumba imependeza. Kwa hali yake imepewa sumu.

Yapo na mengine yaliyoletwa na maisha ya siku hizi. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima, nalo huwekwa juu ya sakafu iliyojengwa kwa ajili ya mkeka na watu waliokaa kupunga upepo. Vyoo vya kila fleti hupitishwa mabomba katika kuta ambazo hazikutazamiwa kupitishwa maji. Ukuta wa kati huvunjwa ili ukumbi upanuke, na anayeuvunja hajui kwamba ndio uliokuwa ukizishika kuta mbili ndefu zisiachane. Kila mmoja katika hao ametenda ndani ya mipaka ya fleti yake, na kila mmoja amemdhuru aliye juu yake au aliye chini yake.

Hatari hii si ya kubuni. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash na lililokuwa fahari ya pwani yote ya Forodhani, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Lile lilikuwa jengo la umma, linalojulikana ulimwenguni kote na lenye wataalamu wa kulitazama. Ikiwa jumba kama hilo liliweza kuanguka, yatupasa tufikiri juu ya nyumba isiyo na jina katika kichochoro cha Kajificheni, yenye wamiliki wanne ambao wawili hawajaonana.

MALI ISIYO NA MWENYEWE

Wako watakaosema kwamba kuharibika kwa Mji Mkongwe kulianza zamani. Ni kweli, na historia hiyo ina mafunzo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 majumba mengi yalichukuliwa na Serikali, na watu wa mashamba na wa Ng'ambo, waliokuwa wakiyatazama majumba hayo kwa nje tu, walipewa makazi ndani yake. Hiyo ilikuwa haki, nasi hatuoni haya kuisema. Lakini haki ya kukaa ilikwenda peke yake. Wajibu wa kutunza haukupewa mtu. Jumba la aila moja likawa la aila sita au saba, chumba kwa aila, kwa kodi ndogo isiyotosha hata kununua mabati. Mpangaji aliona paa ni la Serikali. Ofisi iliona wapangaji ndio wanaokaa. Na mvua haikungoja wamalize mabishano. Miaka ishirini baadaye majumba yalikuwa yakianguka kila msimu wa masika.

Hapo ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mwaka 1985, na baadhi ya nyumba za Serikali zikauzwa kwa watu binafsi kwa matumaini kwamba mwenye mali ataitunza mali yake. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la hekta 96. Heshima hiyo tuliipokea kwa furaha. Pamoja na heshima ikaja bei, na pamoja na bei wakaja wanunuzi.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyoweza kuzunguka yakarudi palepale. Katika miaka ya 1970 nyumba iliharibika kwa kuwa wakaazi wake walikuwa wapangaji wengi wasio na wajibu wa pamoja. Katika miaka hii nyumba ile ile inaweza kuharibika kwa kuwa wakaazi wake ni wamiliki wengi wasio na wajibu wa pamoja. Hati zimebadilika na paa linavuja kama lilivyokuwa likivuja. Umilikaji peke yake hauzibi bati.

Mfano mwingine uko mbele ya macho ya kila mtu. Katika majumba yetu ya fleti yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, Kikwajuni na Michenzani, ukipiga hodi utakaribishwa ndani kwenye nyumba iliyofagiwa na kupambwa, yenye harufu ya udi. Ukitoka ukafunga mlango uko katika ngazi isiyo na taa. Watu ni wale wale. Tofauti ni kwamba ndani kuna mwenyewe, na ngazini hapana.

WALIOTANGULIA WALILIJUA

Wengine hudhani kwamba kumiliki ghorofa juu ya mali ya mtu ni jambo lililotoka Ulaya juzi. Sivyo. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanajua kwamba vitabu vya fiqhi vina mlango mzima unaohusu mwenye chini na mwenye juu: nani mwenye dari inayowatenganisha, nani ana haki ya kupita, na nini kifanyike nyumba ya chini ikiporomoka na ya juu ikakosa pa kuegemea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa Visiwani, mshirika ana haki ya shufaa, yaani mwenziwe akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, yeye aliye ndani ya shirika ndiye wa mwanzo wa kulichukua kwa bei ile ile. Hekima yake ni wazi: mshirika mpya huweza kuwa neema au balaa, na aliyeko ndani ana haki ya kujikinga. Na Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kumzuia jirani kuegesha mti wake katika ukuta wao.

Lakini wanachuoni hao hao walihitilafiana juu ya jambo moja gumu: je, mshirika asiyetaka kujenga analazimishwa? Wako waliosema hulazimishwa, ili kuondoa madhara; na wako waliosema halazimishwi mtu kuitumia mali yake asipotaka. Tofauti hiyo ya kauli inatufundisha kitu kikubwa. Pale ambapo hata wenye elimu hawakuafikiana, busara ni watu wenyewe kuafikiana kwa maandishi kabla ya ukuta kupata ufa, na wasingoje kadhi wala hakimu awaamulie ukuta umekwisha lala.

Jambo hili lina faida yake katika mirathi pia, na hapa ndipo tunapoona kheri ya fleti. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimekufa zikingoja warithi? Mume hufariki akaacha watoto. Mke akapata thumni yake, mtoto wa kiume mafungu mawili ya mwanamke. Kisha nao wakafariki, mafungu yakagawika tena, mpaka nyumba moja ikawa na warithi thalathini, wengine Unguja, wengine Pemba, wengine Muscat na London. Hapana anayetaka kuuza, hapana anayetaka kujenga. Kuigawa nyumba kama hiyo fleti zenye hati, aliye tayari akanunua mafungu ya wasiokuwa tayari, ni njia nzuri ya kuiokoa. Ila wagawe vyumba wakijua kwamba paa litabaki kuwa la shirika kama lilivyokuwa siku baba yao alipofariki.

HESABU YA PAA

Tuweke mfano, si wa nyumba fulani bali wa hesabu tu. Tuseme nyumba ina fleti tano zilizo sawa, na kubadilisha boriti zilizooza na kuezeka upya kunahitaji shilingi milioni 30. Kila mwenye fleti atatakiwa milioni sita kwa mara moja. Mtumishi wa Serikali au mwalimu wa skuli hanazo, atasema ngojeni. Mwenye duka la chini atasema paa halimhusu, yeye havujiwi. Aliye nchi za nje hatajibu barua. Msimu utapita, na mwakani hesabu haitakuwa milioni 30 tena.

Lau watu hao watano wangaliweka shilingi 50,000 kila mwezi tangu waliponunua, baada ya miaka kumi kila mmoja angalikuwa ameweka milioni sita zile zile, na mfuko ungekuwa na milioni 30 kamili, bila ya mtu kukopa wala kugombana. Na kwa kweli wasingeihitaji yote, maana mfuko ungeziba tundu la bati katika mwaka wa kwanza kwa fedha kidogo, na boriti zisingeoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nyumba ya shirika, huujengi peke yako.

Ama huyo wa duka la chini asemaye paa halimhusu, tumjibu. Maji ya paa hayapotei njiani. Huteremka ndani ya ukuta ule ule unaobeba rafu zake. Na methali isemayo aliye juu mngoje chini ina maana nyingine katika nyumba ya boriti: aliye juu akija chini, huja na sakafu yake, na wewe ndiye uliye chini.

NI NANI WATAKAOKAA?

Swali la mwisho ni la watu. Mji Mkongwe haukuingizwa katika Urithi wa Dunia kwa ajili ya mawe peke yake. Ni mji unaoishi, ambamo adhana husikika kutoka misikiti ya vichochoroni, wazee hukaa barazani baada ya laasiri, na watoto huenda chuoni na majuzuu yao kifuani. Tangu utalii ukue, nyumba nyingi zimegeuzwa mahoteli na nyumba za kulala wageni. Utalii unalipa mishahara ya vijana wetu, nasi si maadui wake. Lakini mtaa ambao kila dirisha lake ni la mgeni wa siku tatu hauna mtu wa kuona moshi usiku na kuwaamsha jirani, wala wa kuona tone la kwanza la maji darini.

Fleti inaweza kuyazidisha hayo au kuyatibu. Ikiwa kila fleti itauzwa kwa asiyekaa, jengo litakuwa na wamiliki watano na hapana mkaazi. Ikiwa sehemu yake itawafikia wenyeji, wakiwemo watumishi, mafundi, walimu na Wazanzibari walio ughaibuni wanaotaka kurejea kwao, ambao hawawezi kununua jumba zima lakini wanaweza kununua vyumba vitatu, basi fleti itakuwa imewarudisha wana wa mji katika mji wao. Hilo ndilo tunalolitaka. Na hatuwezi kumaliza bila ya kuwataja wapangaji wa siku nyingi. Wako watu waliozaliwa katika vyumba ambavyo leo huitwa fleti. Kuuza chumba chenye mtu ndani, kisha kumwachia mnunuzi kazi ya kumtoa, ni dhulma kwa wote wawili, na nyumba iliyoanza kwa dhulma haina baraka ya kutunzwa.

YANAYOTUPASA

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo kwa wale wanaohusika.

Kwanza, ofisi zinazohusika na hati za ardhi na za kondominiamu zisikubali kuigawa nyumba yoyote ya kale kabla ya kuletwa ripoti ya ukaguzi wa jengo zima, iliyotiwa saini na mtaalamu anayetambuliwa na Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ukaguzi huo usiwe wa kutazama rangi. Lipu ifunguliwe, ncha za boriti zigongwe, mabati yapandiwe, na mashimo ya choo na mifereji ipimwe. Ripoti hiyo isomwe na mnunuzi kabla hajatoa senti.

Pili, iwe ni sharti kwamba siku ya kuandikwa hati ya kwanza, pawe na mapatano yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi yanayosema nani analipa nini, fungu la kila mmoja ni kiasi gani, uamuzi hupitaje wakigawika sawa sawa, na asiyelipa atafanywaje. Fungu lifuate ukubwa wa sehemu na matumizi yake. Mwenye duka au mwenye kukodisha kwa wageni atoe zaidi ya mjane anayekaa katika vyumba viwili. Na itafaa shufaa iingizwe humo, ili anayetaka kuuza awaarifu wenziwe mwanzo.

Tatu, muuzaji atoe katika bei anayopokea fungu la kuanzisha mfuko wa jengo, liwekwe benki kwa jina la jengo, si kwa jina la mtu. Aliyekula faida ya kuigawa nyumba na asaidie kuisimamisha.

Nne, mmiliki asiyekaa Zanzibar aandikishe kwa sheha wa shehia mtu aliyepo hapa, mwenye idhini ya kulipa na kukubali matengenezo kwa niaba yake. Barua isiyojibiwa isiwe sababu ya boriti kuoza.

Tano, pasiuzwe fleti ambayo haijulikani asili ya nyumba yake. Nyumba ya wakf haiuzwi, na mnunuzi anayo haki ya kuuliza Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kabla hajaingia mtegoni. Nyumba ya mirathi iletewe hesabu ya warithi wote, walio hai na waliowakilishwa. Nyumba yenye wapangaji ioneshe mapatano nao yaliyofikiwa kwa ridhaa.

Sita, Serikali isiwe ya kuzuia tu. Mamlaka na Baraza la Manispaa wasaidie upatikanaji wa chokaa iliyoiva na boriti zilizokatwa kwa kibali, na vijana wafundishwe kazi ya uashi wa chokaa kabla ya mafundi wazee kumalizika. Mwananchi anayeambiwa asitumie saruji, kisha haoni mahali pa kununua chokaa, amepewa amri isiyotekelezeka. Naye ataipaka saruji usiku.

Tunajua watakaosema kwamba masharti haya yatawakimbiza wanunuzi na kuteremsha bei. Tunawajibu kwamba mnunuzi anayekimbia kwa kuambiwa atunze paa ni heri akimbie mapema. Na mnunuzi wa kweli, atokaye Chake Chake au Toronto, atalipa zaidi kwa nyumba yenye mfuko, ripoti na mapatano, kwa kuwa anajua anachokinunua. Bei inayosimama juu ya mlango wa nakshi huanguka masika ya kwanza.

Ndugu wananchi, nyumba hizi hazikujengwa nasi. Zilijengwa kwa mikono ya watu waliobeba mawe na kuchoma chokaa, wengi wao bila ya hiari na bila ya ujira, na majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote. Mapinduzi yaliwafungulia wajukuu wao milango hiyo. Itakuwa ni aibu kwetu ikiwa nyumba zilizojengwa kwa jasho la watumwa na kukombolewa na wanyonge zitakuja kuanguka mikononi mwa watu wenye hati, elimu na uwezo, kwa sababu tu kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe anunue bati. Anayetaka kununua fleti katika Mji Mkongwe na anunue, kwa kheri na baraka. Lakini kabla ya kuuliza bei, apande kwanza darini atazame juu, kisha ateremke akagonge mlango wa kila jirani awaulize: mmewekeana nini juu ya paa hili?